Turubai la Gari la Kombo

Siku hizi gari lililoegeshwa likikaa na tope siku tatu, mitambo ya mji humwandika mwenyewe marehemu. Ndiyo maana mvua ikianza tu, Bi Mwanahawa hukimbilia turubai na kulifunika gari la mumewe, malori yasije yakalirushia maji machafu ya barabarani. Kombo alizikwa kimyakimya kijijini kwao mwaka juzi. Hapa mjini bado yu hai, na kila asubuhi nyumba yenyewe, kwa sauti ya mtambo, humwamkia kwa jina.

Wiki hii mvua haikukatika. Leo, aliporudi kwa miguu kutoka sokoni, mlango haukufunguka.

“Fungua bwana, ni mimi!”

Akageuka. Gari la Kombo limefunikwa vizuri. La kwake mwenyewe, pembeni, limegandwa na tope.

“Mzee Kombo,” mlango ukasema kwa upole, “pole kwa kufiwa na mkeo.”