Mkanda wa Saa ya Marehemu

Kabla fundi hajaigusa, saa ilikuwa imeshavutwa mara mbili juu ya meza yake, huku na kule, kama mbuzi anayegombewa.

"Iache," mjane alisema.

Shemeji yake aliiacha, lakini mkono hakuupeleka mbali. Alikuwa mdogo wa marehemu, mtu wa shingo nene, na alimfuata mjane huyo kutoka nyumbani hadi kwa fundi, hatua kwa hatua, kama askari na mahabusu wake. Mwezi ulikuwa haujaisha tangu wamzike mwenye saa.

Fundi alipachika lenzi jichoni. Mtaani walimwita Jicho, maana siku nyingine aliisahau hapo akaenda nayo hivyo hivyo hadi kwa kinyozi.

Saa ilikuwa ya dhahabu, ya zamani, kasha lake laini kama ganda la yai. Baba wa marehemu aliivaa maisha yake yote, akamwachia mwanawe mkubwa. Mkanda ndio uliokuwa umeoza kwa jasho. Mjane alitaka mpya, wa ngozi ya kahawia, na akatoa kikaratasi chenye urefu alioupima mwenyewe. Fundi alikisoma mara mbili. Kipimo kilikuwa kidogo. Mkono wa mjane mwenyewe ulikuwa mnene kuliko hapo. Lakini alishajifunza kutotia mdomo katika mambo ya wateja.

"Ukiikwaruza," shemeji mtu akamwambia, "hii meza yako utaiokota barabarani."

Fundi alibandika selotepu kwenye pembe nne za kasha, akailaza saa kifudifudi juu ya kitambaa, akachukua chuma chake chembamba chenye ncha ya uma. Chuma hicho kikiteleza kidogo tu, dhahabu inaingia mchirizi usiofutika.

Shemeji mtu alichagua wakati huo huo kufungua mdomo. Alimwambia mjane kwamba ile ni saa ya ukoo, na yeye si wa ukoo. Kwamba alikula na kulala kwa kaka yake miaka kumi na tisa bila kumzalia hata mmoja wa kuirithi, na sasa anaipamba ili akamvishe bwana mwingine. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtia fundi baridi. Akauondoa mkono juu ya saa, akashusha pumzi, akarudi kazini.

Mjane hata hakugeuka.

"Mimi sina haja nayo," akasema. "Mwache fundi amalize. Leo hii hii itakwenda nyumbani kwako."

Shemeji mtu akabaki kama mtu aliyeupiga mlango kikumbo akakuta uko wazi. Akavuta kiti, akaketi, na kwa sauti ya mwenye mali akamkumbusha fundi aende taratibu.

Pini ya kwanza ilibonyea, upande mmoja wa mkanda ukatoka. Ya pili ilikuwa imeshika kutu. Fundi aliitia tone la mafuta, akangoja, akaibonyeza tena huku jasho likimtia ukungu kwenye lenzi. Ikaachia. Akapachika mkanda mpya, akabandua selotepu, akaigeuzageuza saa kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ndipo alipogundua kuwa alikuwa ameuma meno muda wote huo.

Shemeji mtu aliidaka kabla mjane hajanyoosha mkono, ingawa mjane hakuwa na mpango wa kuunyoosha. Akaivaa. Akauvuta mkanda, akauvuta tena mpaka ngozi ikamchimba mkononi. Ncha mbili hazikukutana.

"Umempa huyu kipimo cha nani?" akamuuliza. "Mbona kwangu haufiki?"

Mjane alikuwa akifunga mkoba wake.

"Cha binti yako mkubwa," akasema. "Marehemu aliniagiza saa apewe mwanawe wa kumzaa."