M ya Maharagi

Bienvenu, mwalimu wa Masisi, alikuwa amechoka. Kwa miezi alitengeneza masomo ya kujifunza kusoma kwa simu, akili bandia ikiuliza maswali kwa sauti, lakini wanafunzi waliacha mmoja mmoja. Sasa alikuwa anayafuta.

Mama yake, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, alitoka shambani akamnyang'anya simu, somo moja likiwa bado linauliza swali.

"Inaniuliza M ya maharagi iko wapi. Njo hii?" akauliza, akinyooshea herufi moja kidole.

Akagusa. Kioo hakikuitika. Kidole chake kilikuwa kigumu, udongo umejaa kwenye nyufa.

Bienvenu akalowesha kitambaa, akamsafisha kidole polepole. Mama akagusa tena.

"Vizuri sana!" simu ikasema. "Tuendelee?"

Mama akaketi, simu mapajani.

"Bienvenu," alisema bila kuinua macho, "wee enda kupika. Mie niko mu masomo."