Gari la Mwashamba

Mwashamba, mjane, aliponunua lile gari la juu lenye magurudumu manene, shemeji yake Kombo alimcheka. "Uko peke yako, shemeji. Viti saba vya nini?"

"Nikikuta mtu njiani nimpakie."

Masika yalipofika, kilima cha kwenda hospitali kiligeuka tope tupu. Mwashamba alimkuta Kombo katikati ya mteremko, gari lake dogo limezama, mkewe ndani ameshikwa na uchungu.

"Mlaze nyuma," Mwashamba alisema.

Kombo alimbeba mkewe, akamlaza kwenye viti vya nyuma vya gari la Mwashamba, akaketi kando yake. Mwashamba akatia gia nzito. Gari likayumba, likanguruma, likaanza kupanda. Kabla hawajafika juu, kilio chembamba cha mtoto mchanga kilisikika kutoka nyuma. Mwashamba hakugeuka, alikaza mikono kwenye usukani na kuongeza mafuta.