Chuma cha Kilo Mbili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kiwandani, uzi ulikatika mara ya sita. Bi Sikudhani alisimamisha mashine yake ya kuzungushia uzi, akaibonyeza bobini iliyojaa uzi kwa kidole gumba. Haikubonyea. Chuma cha kilo mbili, ambacho msimamizi alikiongeza kwenye kila mashine ili bobini zibebe uzi mwingi, kilikuwa kikiigandamiza kupita kiasi.

Akakitoa.

“Kirudishe, mama, au nenda nyumbani,” alisema Mhina, msimamizi.

“Uzi uliobanwa hivi haupokei rangi, bwana. Kitambaa kikitoka na mabaka, utamtaja nani?”

“Mwenye mashine. Wewe.”

“Basi nilaumiwe kwa nililolifanya mwenyewe.”

Alikiweka chuma sakafuni, mbele ya viatu vya Mhina, akawasha mashine. Uzi ukapita bila kukatika.

Mashine ya jirani ikasimama; mwenyewe naye akanyoosha mkono kukitoa chuma chake.