Kumwogesha Mgeni

Asubuhi hiyo Bi Hidaya aliweka beseni la maji ya vuguvugu uani, akachovya kiwiko kuyapima, kisha akakaa kitako mkekani.

"Leo unamwogesha wewe," alimwambia mkaza mwanawe, Sikudhani.

Tangu ajifungue, Sikudhani alimtazama mtoto kama mgeni aliyeletewa na watu amtunze. Alimnyonyesha, alimfunika, lakini moyoni alikuwa hajamjua bado, na hilo hakumwambia mtu.

"Mama, ataniponyoka."

"Miezi tisa umembeba hata siku moja hukumwangusha. Mshike shingo, umteremshe taratibu."

Alimteremsha. Mtoto alilia kwa nguvu, lakini maji yalipomfika kifuani akanyamaza, akafumbua macho. Kisha akajikunja na kurusha mguu, kisigino kikamgonga mama yake kiganjani, mara mbili upesi, halafu moja ya nguvu.

Sikudhani alishtuka. Teke hilo alilijua. Ndilo lililokuwa likimwamsha alfajiri mimba ilipokuwa nzito, chini ya mbavu, mbili upesi na moja ya nguvu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Siku zote ni wewe!"

Bi Hidaya alikuwa ameshakunjua khanga kavu. "Mtoe sasa, atapata baridi."

"Bado kidogo, mama."

Bi Hidaya alibaki ameitandaza khanga mikononi, juani, huku mtoto akipiga mateke na maji yakirukia nje ya beseni.