Nguruwe wa Miguu Mitatu

Nguruwe pori aliingia uani kwa Papa Philémon, pale Kasha, akiwa na miguu mitatu.

Gentil alimshusha kutoka kwenye pikipiki akamlaza juu ya majani ya mgomba, upande wenye kasoro ukiwa chini, kama muuza nyanya anavyoificha iliyooza. Wapi! Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa pale kwenye viti vya plastiki, na watu wa Mwenga, hata wakizeekea mjini, wanajua kuhesabu mapaja.

"Muguu ingine iko wapi?" akauliza Papa Philémon.

"Ni imbwa, papa. Ilikula kule tulilala."

"Imbwa," mzee akarudia polepole.

Mzee mmoja akaficha kicheko ndani ya kofia yake, na wengine wakaanza kucheka chinichini. Gentil akahisi masikio yakiwaka moto. Upande ule wa msitu kila mwindaji anajua sheria: ukikodi bunduki, mwenye bunduki unamwachia paja la nyuma. Na kweli, wakati huo paja lilikuwa likikaushwa motoni kwa Guylain, kijana wa njia ya Mwenga aliyemkodisha bunduki. Gentil alikuwa amemwachia hata simu yake rehani, ili akubaliwe kuileta bunduki Kasha, aonekane nayo kwa wakwe, kisha airudishe.

Balaa alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Siku alipokuja kumposa Séraphine, binti wa nyumba hiyo, Papa Philémon alisema mambo ya mbuzi wa mahari yangoje. Kwanza alete nyama ya pori, aliyoipiga kwa bunduki yake mwenyewe. Tangu Elysée, kaka yake Séraphine, afie porini, nyumba ile haikuwa imeonja nyama ya mwituni.

"Bunduki ya kukodi, hapana," mzee alimwambia. "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Wote walicheka. Gentil alikuwa fundi wa simu wa Nyawera, na baba yake mshonaji wa Kadutu, mtu mpole ambaye maisha yake yote hajashika silaha zaidi ya mkasi. Angesema hivyo, angechekwa kidogo, basi. Lakini aliona haya, akajibu: "Bunduki iko kwetu, papa. Ya papa yangu."

Sasa akaitoa kwenye gunia, akaiegemeza gotini ili wazee waione vizuri. Wakaiona. Kicheko kikakatika, na Gentil akadhani ni heshima.

Séraphine akatoka jikoni na beseni la kuwekea nyama. Alitabasamu mpaka macho yake yalipofika kwenye bunduki. Akaweka beseni chini. Akapita karibu na kiti cha Gentil, akainama kama anayeokota kitu.

"Sema tu kama uliikodi," akanong'ona. "Nakuomba."

Akarudi ndani bila kugeuka. Gentil alitamani ardhi ipasuke. Hata mchumba wake alikuwa ameshamgundua, na anaona aibu kwa ajili yake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kukaa mbele ya wakwe na nguruwe wa miguu mitatu.

Papa Philémon akaomba bunduki. Akaipakata, akapitisha kidole kwenye kitako, pale mti ulipopasuka ukafungwa kwa waya wa shaba.

"Huu waya, nani alifunga?"

"Papa yangu, kwa mukono yake."

"Una hakika? Pengine alinunua imefungwa tayari."

"Hapana, papa. Niliona mwenyewe."

Mzee akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa ya upole kuliko mwanzo, na upole huo ulimuumiza Gentil kuliko matusi. Anavyoninyanyasa huyu, akawaza. Anajua, anataka nijivue nguo mwenyewe mbele ya watu.

"Sikiliza, mutoto wangu. Kukodi si zambi. Vijana wengi banakodi. Ile siku nilikuwa nachekesha tu. Ukiniambia leo uliikodi, na uliikodi kwa nani, nitakata hii nyama, tutakula, na Séraphine ataenda kwako."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Gentil akawatazama wazee. Wote walikuwa wameinama mbele, wanangoja, na yeye akaona vicheko vinavyomsubiri, vitakavyomfuata mpaka siku ya harusi na mpaka kwa wanawe. Akalimeza.

"Haiko ya kukodi, papa. Haijatoka kwetu hata siku moja. Ni papa tu alikuwa anaitembeza mu pori, na mimi."

Papa Philémon akawatikisia kichwa wazee wawili. Wakasimama, wakavaa kofia zao, wakatoka.

"Banaenda wapi, papa?"

"Kadutu. Kwa papa yako."

Gentil akamwona akilini baba yake kwenye cherehani yake, miwani puani, akiulizwa habari za bunduki asiyoijua, na kijana wake akiumbuka Kadutu nzima. Akaona aibu hata ya kuinua uso.

"Huu waya nilifunga mimi," akasema Papa Philémon. "Bunduki ilikuwa ya Elysée. Siku tulimukuta mu pori, na risasi mu mugongo, haikukuwako tena."

Akaifuta bunduki kwa mkono wa shati lake, taratibu.

"Nimekuuliza, nikakuuliza tena, nikiomba Mungu useme tu uliikodi."