Swali la Pimbi

Pimbi alikuwa na ndugu wengi kuliko mawe ya kilima chake. Asubuhi mwanawe alipovimba tumbo, alimuuliza dada yake, "Dada, hivi majivu yanafaa kwa tumbo?" Dada alisema hajui, ila atawauliza wenzake.

Kufikia adhuhuri ndugu saba walikuwa wamejaa mlangoni, na wote walisema neno moja: majivu. Mtoto alikuwa ameanza kukakamaa. Pimbi akakoroga majivu kwenye maji.

Kalunguyeye, jirani asiye na ndugu hata mmoja, akamzuia. "Kabla hujamnywesha, mama, waulize wamesikia kwa nani."

Wa saba alimtaja wa sita, wa sita akamtaja wa tano, hadi wakafika kwa dada. Dada akamtazama Pimbi. "Si wewe uliyeyataja asubuhi?"

"Mimi niliuliza," Pimbi alisema.

Aliyamwaga majivu, akambeba mtoto mgongoni, akakimbia kwa Korongo, tabibu wa ng'ambo ya bonde. Nyuma yake alimsikia shangazi yake, mmoja wa wale ndugu saba, akimweleza mpita njia: "Anafuata majivu ya Korongo. Nasikia hayo ndiyo yanayoponya."